Ukurasa wa Wiki ya Tisa

Sipendi wanafunzi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mama mlezi mwenye huruma za kububujika. Kila mwaka, mwezi wa tano ukifika, chama chetu cha wahandisi huniletea mmoja wa mwaka wa nne nimlee kikazi kwa wiki kumi na mbili, na kila mwaka naapa kwamba huyu ndiye wa mwisho. Nimeapa hivyo mara tisa.

Wanakuja na mabuti mapya na helmeti ambazo bado zina karatasi ya bei. Wanajua kupiga hesabu za boriti kwenye kompyuta, lakini ukiwauliza karai moja la mchanga lina kilo ngapi wanatazama simu. Nawavumilia. Sharti langu ni moja tu. Kila mwanafunzi ana kitabu cha kumbukumbu za kazi, wenyewe tunakiita logibuku, anaandika humo alichofanya kila siku, na kila Ijumaa mimi nakipiga sahihi. Bila sahihi zangu kumi na mbili, hahitimu. Wengi hujaza uongo mtamu: "Leo nilijifunza umuhimu wa ushirikiano." Hayo nayakata kwa kalamu nyekundu. Nawaambia, andika ulichokiona kwa macho yako. Ushirikiano hauonekani, karai linaonekana.

Mwaka jana nililetewa Lynnet Robi. Ni msichana mfupi, mkimya, ana tabia ya kuhesabu vitu huku midomo ikicheza. Kwao hasa ni upande wa Kuria karibu na mpaka, ila mama yake anauza mitumba Suna, pale Migori, na huko ndiko alikolelewa. Alipanga chumba Rodi Kopany, mahali tulipokuwa tukijenga tangi la maji la soko na shule mbili za msingi. Siku ya kwanza nilimwuliza karai la mchanga lina kilo ngapi. Akasema hajui, akaenda kwenye kibanda cha muuza mahindi, akaazima mizani. Hilo nililipenda.

Kazi ya saiti ilikuwa mikononi mwa Barnabas, fundi wangu mkuu. Ukitaka kunijua mimi, Injinia Risper, itabidi umjue Barnabas kwanza. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na minane, na kabla ya hili la Rodi tulikuwa tumejenga matangi kumi na moja ya zege, kuanzia Rangwe hadi Suna. Ni mzee wa miaka sitini na kidogo, hapandishi sauti, na akisikiliza beleshi likikoroga anajua kama maji yamezidi. Lynnet alimpenda mara moja. Yeye alimwita "nyar Kuria", binti wa Kuria, akawa anamwekea samaki upande wake wa sahani kila mchana.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu. Kila tunapomimina zege, tunajaza sampuli kwenye visanduku vya chuma, kila kimoja ukubwa wa tofali dogo. Sampuli zikishakauka tunaziloweka majini, halafu zinapelekwa maabara Kisumu zikapondwe kwa mashine, ijulikane zege letu lina nguvu kiasi gani. Tunaziita kyubu. Cheti cha tangi hutoka kwa nguvu ya kyubu, kwa sababu hakuna anayeweza kupeleka ukuta mzima Kisumu. Zetu zilitakiwa kufikisha kipimo cha ishirini na tano. Kyubu za Barnabas hazikuwahi kushuka chini ya thelathini na tano. Wahandisi wenzangu walinionea wivu waziwazi, na mmoja alijaribu kuninyang'anya fundi kwa kumwahidi pikipiki. Barnabas alimjibu kwamba miguu yake bado ni mizima.

Miaka kumi na minane majibu yanakuja mazuri vile vile, hayapandi wala hayashuki, na mimi, mwenye leseni ukutani, sikujiuliza hata siku moja. Mwanafunzi angeniletea takwimu za namna hiyo ningemfukuza.

Ijumaa ya wiki ya tisa niliketi kwenye pikapu yangu nikafungua logibuku ya Lynnet. Ukurasa wa Alhamisi ulisema hivi:

"Tulimimina ukuta wa kaskazini kuanzia saa mbili na nusu. Mikisa (mashine ya kukorogea): saruji mfuko mmoja, mchanga makarai matatu, kokoto makarai sita. Kyubu sita hazikutoka kwenye mikisa. Mzee Barnabas alikoroga zege lingine kando, juu ya bati: saruji nusu karai, mchanga nusu karai, kokoto karai moja, maji kidogo. Kyubu zilijazwa kwa hilo. Injinia alikuwa kwenye gari akiongea na simu."

Nilisoma mara tatu. Lile zege la pembeni lilikuwa na saruji nyingi kupita la ukutani, hata mtoto wa shule angeona. Kwa hiyo kyubu zetu zilikuwa zikipima zege ambalo halikuingia kwenye ukuta wowote. Sentensi iliyonichoma zaidi, nakiri, ilikuwa ile ya mwisho. Nikamwita Lynnet.

"Hii ya Alhamisi, una uhakika?"

"Nilihesabu, Madam."

"Kuna mtu amekutuma uandike?"

"Hakuna. Si ulisema tuandike chenye tumeona?"

"Unajua maana yake?"

Akatazama mabuti yake. "Najua. Hiyo kyubu haipimi hiyo ukuta."

Sikupiga sahihi. Nilimwambia kichwa kinaniuma, nitapiga Jumatatu, nikakitupa kitabu kwenye kiti cha nyuma. Kisha nikamfuata Barnabas. Alikuwa ameketi juu ya mfuko mtupu akinawa miguu kwa maji ya pipa. Tulizungumza Kijaluo, lakini maneno yake yalikuwa haya.

"Barnabas, kyubu za jana zilitoka kwenye zege gani?"

"Zege la kyubu."

"Kuna zege la kyubu?"

"Lipo tangu zamani." Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anasugua kisigino. "Kyubu inakwenda Kisumu, kwa watu. Mtoto akitumwa kwa watu haendi na nguo za shambani. Anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavishwa viatu."

"Na ukuta?"

"Ukuta ni wa nyumbani. Unakula tunachokula sisi kila siku."

Laiti angekuwa mwizi. Mwizi ningemfukuza nikaenda zangu kulala. Lakini Barnabas hakuwahi kuondoka saitini na hata kijiko cha saruji, na ukuta aliupa mfuko wake kamili kama nilivyoandika kwenye karatasi. Alikuwa tu akiandalia wageni. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo.

"Wewe," akasema.

Akanikumbusha Rangwe, tangi letu la kwanza. Nilikuwa mhandisi mpya, mwanamke, na ofisini kulikuwa na watu waliokuwa wakinisubiri nianguke. Tulipofika kwenye kyubu nilimwambia: Barnabas, hizi zinakwenda na jina langu, usiniaibishe huko. Akaona asiniaibishe. "Na kila tangi umeniambia hivyo hivyo," akasema, "hata hili. Nilijua unajua."

Ni kweli, nilimwambia. Nilikuwa nikilisema kama mtu anavyosema safari njema, kisha naingia garini kupiga simu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na minane, na kati yetu hapakuwa na mtu aliyekuwa akidanganya.

Nilirudi nyumbani Homa Bay nikakaa na jambo hilo Jumamosi na Jumapili. Kanisani sikwenda. Hesabu yake haikuwa ngumu. Nikiupiga sahihi ukurasa ule, sahihi yangu inasema najua, na mhandisi anayejua hana ruhusa ya kunyamaza. Matangi kumi na moja, matatu kati yake yako ndani ya shule, na watoto hupanga foleni na ndoo chini ya ukuta. Jina langu lingekwenda, na la Barnabas lingetangulia. Nisipopiga sahihi, Lynnet anapungukiwa wiki moja, hahitimu, na kosa lake ni kunisikiliza. Wanangu wangesema nimezeeka sasa, ninunue amani. Sikuwauliza.

Jumatatu nilikuwa nimepata njia ya tatu. Waoga huipata kila mara.

"Lynnet, ukurasa huu umechafuka," nilisema. Kulikuwa na tone moja la grisi pembeni. "Uandike upya. Andika kyubu sita zilijazwa. Si zilijazwa?"

"Zilijazwa."

"Basi inatosha. Dakta wako wa chuoni anakuja Jumatano kukukagua. Hutaki aone kitabu safi?"

Alinitazama, midomo ikicheza kidogo, nikajua anahesabu. "Sawa, Madam," akasema, akachukua kitabu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tisa nimewafundisha ukweli wa karai, na siku karai lilipogeuka likanitazama mimi, nikaomba ukurasa safi. Siku nzima nilikuwa mkali kwa kila mtu pale saitini, hata kwa fundi wa vyuma ambaye hakuwa amefanya lolote.

Jumanne asubuhi Lynnet aliniletea kitabu kipya kabisa. Alikuwa amekwenda saiba, kwenye duka la kompyuta, akachapisha kurasa tupu za logibuku, akazibana, akanakili upya kila kitu tangu wiki ya kwanza kwa mwandiko mzuri, amepiga mistari kwa rula. Nikafungua wiki ya pili. Mle alikuwa ameandika jinsi Barnabas alivyorudisha lori zima la kokoto kwa sababu zilikuwa na udongo. Haikuwemo. Wiki ya tano alikuwa ameandika kwamba yeye mwenyewe alipima vyuma vibaya vikakatwa vifupi kwa shubiri. Haikuwemo. Wiki ya sita nilimfokea mchomeleaji mbele ya watu, na alikuwa amenukuu neno kwa neno. Pale paliandikwa sasa: "Nilijifunza umuhimu wa ushirikiano."

"Mbona umebadilisha zote?"

"Nilidhani ndivyo unataka. Sikutaka Dakta akuone vibaya."

Niliona aibu, na si aibu ya kujificha kwenye maneno. Niliona aibu usoni, masikioni, mpaka mikononi. Huyu msichana alikuwa amenikorogea zege la pembeni. Barnabas nilimharibu kwa miaka. Yeye ilinichukua dakika mbili kando ya gari.

"Kile cha kwanza kiko wapi?"

"Nimewashia jiko."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilizipiga upya sahihi za wiki nane za mwanzo, ya tisa ikanishinda, nikamrudishia kitabu chake na kumwambia aende akamsaidie Barnabas na vyuma.

Dakta Ahmednur alifika Jumatano saa tano kutoka chuo chao. Ni mtu mpole, mwembamba, alivaa viatu vya ngozi ambavyo vilikuwa vimekwisha kwa matope kabla hajafika kwenye kiti. Tulimpa kiti cha plastiki, sisi wawili tukakalia matofali. Alipekua logibuku polepole, ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi sana," alisema. "Mwaka huu nimezunguka Migori yote na Homa Bay, sijaona kitabu nadhifu kama hiki. Injinia, umelea."

Lynnet aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mtu akisifiwa akakaa vile.

"Wiki ya tisa tu haijasainiwa," Dakta akasema, akanipa kitabu na kalamu.

Chini ya kila wiki pana mistari minne, juu yake pameandikwa "Maoni ya Msimamizi." Kwa wanafunzi wote tisa sijawahi kuijaza. Huwa napiga sahihi tu, nafunga. Siku hiyo nilianza kuandika, na mistari minne haikutosha, nikapanda pembeni, nikamalizia nyuma ya karatasi. Niliandika kwamba ukurasa ule si wa kweli, kwamba kitabu chote kilinakiliwa upya juzi, na kwamba ni mimi niliyemwambia mwanafunzi auandike vile. Niliandika mfuko mmoja, makarai matatu, makarai sita. Niliandika bati, na nusu karai, na nusu karai, na karai moja. Niliandika kwamba mimi nilikuwa kwenye gari nikiongea na simu, kwamba fundi alitii maneno yangu, na kwamba hali ilikuwa hivyo kwenye kila tangi nililowahi kulitolea cheti. Nikapiga sahihi, nikaweka na nambari yangu ya usajili.

Dakta alisoma. Alipomaliza alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Ni matangi mangapi?"

"Kumi na moja. Na hili."

"Umeshawaambia wenyewe?"

"Nikiinuka hapa nawapigia."

Lynnet ndiye aliyelia. "Na mimi je, Dakta? Nitafeli?"

"Kwa kitabu hiki ungefaulu vizuri mno," alisema Ahmednur, "na hilo ndilo linanisumbua. Kuanzia leo andika upya. Hizo wiki za nyuma nitakupa alama za kitabu kilichochapishwa juzi, na hazitakuwa nyingi." Alikuwa mtu wa haki. Sikumpenda siku ile, lakini alikuwa mtu wa haki.

Niliwapigia wenye mradi, nikawapigia na bodi ya usajili wa wahandisi. Kisha nikaenda kwa Barnabas. Nilidhani atakasirika, au ataniomba nimfiche. Nilimweleza polepole kyubu ni ya nini, jambo ambalo sikuwahi kumweleza kwa miaka yote hiyo, kwa sababu nilidhani kila mtu anajua. Alisikiliza ameshika beleshi kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "hawajawahi kupima kazi yangu hata siku moja."

"Hawajawahi."

"Miaka kumi na minane nasifiwa kwa kitu kingine." Alitema mate pembeni, jambo ambalo si kawaida yake. "Lete hiyo mashine. Ipime ukuta wenyewe."

Mashine ilitoka Kisumu wiki ya kumi na moja. Inatoboa ukuta kwa bomba lenye meno, inatoa kipande cha mviringo kama mhogo, na kipande hicho ndicho kinachopondwa. Majibu yalikuja baadaye, na nitayataja hapa ili msomaji asikae roho juu. Matangi kumi yalikuwa salama, mengine kwa mbali, mengine kwa kuponea chupuchupu. Moja la Suna lilipungukiwa, likamwagwa maji likaimarishwa. Ukuta wa kaskazini wa Rodi nao haukufika, tukaubomoa kwa nyundo, na Barnabas ndiye aliyepiga ya kwanza. Mwenye mradi alitaka afukuzwe. Nilisema akifukuzwa yeye nianze mimi, na wakaona ni nafuu kutubakiza tuumalize. Leseni yangu bado iko mezani kwa bodi, na barua zao huja kwa lugha ya adabu sana.

Lakini Alhamisi ile ya kwanza, Rangwe, hatukuwa tunajua lolote kati ya hayo. Tulianza na tangi la zamani kuliko yote, ndani ya uwanja wa shule. Mwalimu mkuu aliwarudisha watoto madarasani, wakajaa madirishani. Barnabas alishika mpira wa maji ya kupoza mashine. Lynnet alikuwa na daftari. Mimi niliwaambia nina simu ya kupiga.

Siku iliyofuata, Ijumaa, nilikaa na Lynnet kwenye matofali ya Rodi nikafungua logibuku. Hakukuwa na rula tena. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeandika amesimama.

"Alhamisi. Tangi la Rangwe. Mashine iliwashwa saa nne na dakika kumi, ikazimwa saa nne na dakika thelathini na tano. Mzee Barnabas alishika mpira muda wote, hakupokezana na mtu. Kipande kilitoka kizima, urefu shubiri moja na vidole viwili, kokoto zimesambaa sawa, tundu mbili ndogo za hewa. Injinia alikaa kwenye gari. Hakuwa akiongea na simu. Nilimpelekea kipande akishike. Alikishika kwa mikono miwili na mikono ilikuwa inatetemeka."

Lynnet alikuwa anatazama upande wa soko, midomo imetulia. Ningeweza kusema ulikuwa mtetemo wa mashine. Mashine ilikuwa imezimwa, nyakati zake zimeandikwa pale pale juu. Nikapiga sahihi.